Piga Petroli Ing'ae

"Piga petroli, itang'aa." Hilo neno linaniudhi. Nalisikia karibu kila mahali pikipiki zinapooshwa hapa Nairobi, na mara nyingi anayelisema si yule kijana anayeosha. Ni mwenye pikipiki, amekalia tairi kuukuu, simu mkononi, anataka injini ya Boxer yake irudi vile ilivyotoka dukani. Kwa soo moja. Kijana anamimina petroli kwenye chupa ya soda iliyokatwa, anachovya brashi, anasugua mikono mitupu. Glavu? Za nani?

Sasa msinielewe vibaya. Injini ya boda lazima isafishwe. Nyingi hazina radieta, zinapozwa na upepo unaopita kwenye zile mbavu za silinda. Tope na grisi zikijaa hapo katikati, joto halina pa kutokea, ni kama umeivalisha injini koti saa sita mchana. Kwa hivyo shida yangu si usafi. Shida yangu ni petroli.

Mvuke wa petroli unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta taa hayafiki hapo mpaka yapate joto la nyuzi 38 hivi. Na hii pikipiki imetoka kazini saa hii, ekzosi bado inachoma, fundi wa jirani anachomelea mlango, msee mwingine anavuta sigara. Halafu ndani ya petroli kuna benzini, kitu ambacho wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameshasema wazi kinaleta saratani. Inaingia kwa pua, inaingia kwa ngozi. Ile mikono iliyopauka na kupasuka si vumbi. Petroli haijui kuchagua: imeyeyusha grisi ya injini na mafuta ya ngozi pamoja.

"Ah, huyo amezoea." Mwili hauzoei benzini, buda. Waliozoea ni sisi tunaotazama.

Utaambiwa pia mafuta taa ni ghali siku hizi. Ni kweli, 2018 serikali iliyapiga ushuru wa shilingi 18 kwa lita, ikisema inakomesha wanaoyachanganya na dizeli, na maskini akabeba mzigo. Hiyo hasira tuko pamoja. Lakini nani alisema lazima iwe mafuta? Ngoja injini ipoe. Kwangua tope kwa kijiti, funga mdomo wa ekzosi na njia ya hewa kwa mfuko, paka sabuni ya unga iliyokorogwa nzito, ipe dakika kumi, sugua kwa brashi, suuza. Ile grisi sugu ya karibu na sprokiti ndiyo uifute kwa kitambaa chenye dizeli kidogo, na glavu mkononi. (Ile mashine ya maji ya kasi usiielekeze kwenye beringi wala nyaya, utalia baadaye.) Haitang'aa kama kioo, sawa. Angalau utaona oili inavujia wapi, badala ya kulipa kila Jumapili kufuta ushahidi wa gasketi iliyochoka.

Na ile petroli nyeusi ikishamaliza kazi huenda wapi? Mtaroni. Mtaro unaingia Mathare au Ngong, hiyo inaingia Mto Nairobi, Mto Nairobi unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, inakuwa Sabaki, mpaka baharini karibu na Malindi. Kabla hata ya kutoka mjini kuna watu wanaoyamwagia sukuma maji hayo hayo, na sukuma hiyo ninyi mnainunua jioni mkishuka steji. Sheria ya mazingira ya 1999 inakataza kutia sumu majini. Iko kwenye karatasi, imetulia.

Kama bado unataka petroli, sawa, ni pikipiki yako. Lakini chukua brashi wewe. Kunja mikono ya shati, chovya, sugua mpaka ing'ae. Na jioni mtoto akikukimbilia mlangoni, mwambie asubiri kwanza unawe.