MABOMBA YA DAWA YASIOSHWE MTONI

Ndugu Wanaushirika,

Kuosha bomba la dawa mtoni kukome. Tunalisema mapema, kabla mwenzetu hajaelekea dukani bila kumaliza kusoma.

Wapo wanaosema, "Maji yanapita, dawa inakwenda zake." Inakwenda wapi, jamani? Dawa ya ukungu tunayopulizia nyanya na viazi mara nyingi ni ya shaba, ndugu yake mrututu. Ile nyingine, mankozebu, ina manganizi na zinki ndani yake. Hizo zote ni metali. Sumu nyingine huoza kwa jua na udongo, metali haiozi. Inashikana na mfinyanzi chini ya mto na kukaa hapo kiangazi chote. Mvua za kwanza zikija tope linavurugwa, safari inaanza upya. Maji ya kwetu yanateremka Usangu, yanaingia Ruaha Mkuu, yanafika Mtera. Na kabla ya huko yameshapita kwenye vinyungu vya wenzetu na ndoo za mama zetu.

Haki tuiseme: si metali yote inaletwa na binadamu. Mawe yenyewe yanaliwa na mvua polepole. Liganga kule Ludewa ni mlima wa chuma, na wekundu wa udongo wetu ni kutu ya chuma. Ule utando unaong'aa juu ya maji ya kinyungu kama mafuta ya taa, mara nyingi si mafuta. Ni chuma kilichoyeyuka kwenye tope lisilo na hewa, kikipanda juu na kukutana na hewa kinaganda. Uguse kwa kijiti: utapasuka vipande. Mafuta yangejikusanya tena. Huo hautushtui. Kinachotushtua ni cha kuongezewa.

Wengine wanajitetea kwamba nyumbani wanachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, na tuendelee. Lakini metali haifi kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha shaba milligramu 2 kwa lita ya maji ya kunywa. Risasi ni milligramu 0.01 tu, huioni, huinusi, huionji. Na risasi ndiyo iliyojaa kwenye betri za magari, na zile kubwa za sola, zinazopasuliwa ovyo nyuma ya nyumba. Inaharibu akili za watoto kwanza.

Mwaka 2009 kule Tarime, maji ya asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara yakaingia mto Tigithe. Maji ya namna hiyo huyeyusha metali iliyokuwa imelala kwenye mawe. Kule kulikuwa na mgodi wa kuulizwa. Hapa ataulizwa nani, kama si wenye mabomba?

Tunapendekeza mkutano mkuu uamue chama kinunue mapipa mawili, yakae shambani juu, mbali na maji. Bomba lisuuzwe huko huko, na maji ya kusuuzia yapuliziwe kwenye mazao yale yale. Betri zilizokufa zisipasuliwe. Ziletwe ghalani ziuzwe pamoja kwa mnunuzi mwenye kibali. Tena chama kiwaandikie RUWASA wilayani waje wapime metali kwenye mto, siyo vijidudu peke yake. Wachukue maji kiangazi, na wachukue tena mvua za kwanza zikianguka. Wakija kiangazi tu, tope litakuwa bado limelala, na tutaambiwa maji ni safi.

Anayeona mapipa ni ghali aje mkutanoni aseme.