Jina la Pembe Lisubiri

Wanachuo wenzangu, hasa nyie mnaorudi Mara likizo hii, naomba tuongelee pembe.

Shule ya msingi tulichora mistari sambamba, tukaikata kwa mstari wa tatu. Zikatokea pembe 8, lakini ukipima moja umezijua zote: 4 zinalingana, 4 nyingine zinajazia hadi nyuzi 180. Basi. Mwaka unaofuata, kidato cha kwanza, mistari ni ileile ila majina yote yamegeuka Kiingereza. Hapo ndipo wengi wanapopotelea. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2022, takribani watahiniwa 8 kati ya 10 walifeli Hisabati.

Sisemi lugha ndiyo sababu pekee. Walimu hawatoshi na madarasa yamejaa. Lakini nenda Bunda ukamtazame fundi anayepaua. Nguzo za kenchi zote ziko wima, kwa hiyo ni sambamba. Mbao ya mteremko inazikata zote. Fundi anapima pembe moja, anaihamishia kwenye kila nguzo, anakata. Hajaulizwa jina lake kwa Kiingereza, na paa linakaa.

Huko Misri, maji ya ziwa letu la Musoma yanakoelekea, Eratosthenes alitumia kanuni hiyohiyo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Alichukua miale ya jua kuwa sambamba. Kivuli cha Alexandria kikampa pembe ya kama nyuzi 7.2, yaani 1/50 ya duara, akakadiria mzingo wa dunia. Aliandika kwa Kigiriki, lugha yake.

Eti Kiswahili hakitoshi? Mzaliwa wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alimtafsiri Shakespeare. Tafsiri yake ya Julius Caesar ikatoka 1963. Lugha iliyombeba Kaizari itashindwaje na pembe?

Sera hatutaibadilisha kesho, na Kiingereza wadogo zetu watakihitaji, sikatai. Ninachopendekeza ni kidogo: likizo hii kila mmoja wetu awakusanye wadogo zake 5 wa kidato cha kwanza. Awafundishe kwa Kiswahili mpaka waelewe, ndipo awape majina ya kwenye mtihani. Kitu kwanza, jina baadaye.

Musoma, Bunda, Butiama: tuanze Jumamosi ya kwanza. Chaki nitaleta mimi. Nani yupo?