Tuache Kumsifu Mpuliza Domo la Bata

Tunaanza kwa kukiri, maana atakayesoma makala haya atadhani tunawasema wengine. La hasha. Tunajisema sisi wenyewe, Waswahili wa Xintang, wanunuzi wa jinzi na wafunga mizigo, pamoja na ndugu zetu wa Xiaobei tunaokutana nao Jumapili.

Kwa miezi minane kijana wetu mmoja, mfunga mizigo ghalani, alikuwa akitutumia kwenye simu sauti za saksafoni yake. Ilikuwa alto, mtumba, aliyoinunua kwa akiba ya jasho lake. Kila Ijumaa usiku alituma kipande na kuuliza swali lile lile: "Jamani, sauti ikoje? Si kubwa mno?" Na kila Ijumaa tukamjibu kwa dole gumba. "Moto!" "Umetisha, kaka!" "Manu Dibango mwenyewe angekaa chini asikilize!" Manu Dibango alifariki Machi 2020, kwa hiyo hakuweza kujitetea.

Ikafika tarehe 9 Desemba, sikukuu ya Uhuru, tukamsimamisha jukwaani katika ukumbi tuliokodi mjini. Tulipanda naye metro ya Mstari wa 13, tukabadilisha Yuzhu, naye kalipakata sanduku lake kama mtoto mchanga. Alipopuliza mbele ya maikrofoni, ile sauti tuliyoiita moto ilitoka nyembamba, ya puani, tena kali kiasi kwamba kina mama wa meza za mbele waliziba masikio. Noti za juu zilipiga mayowe, za chini zikakoroma. Watu wakacheka. Na waliocheka zaidi, tunasema kwa aibu, ni sisi wa dole gumba. Mwezi wa pili saksafoni ikauzwa.

Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini kijana huyu hakulewa sifa. Aliuliza! Aliuliza wiki baada ya wiki, na maji tukayatia sisi.

Sasa kinachotukera ni hiki: sisi si watu wasiojua kukagua. Tazameni tunavyonunua jinzi katika mji huu. Suruali tunaigeuza ndani nje, tunavuta mshono, tunapandisha na kushusha zipu mara kumi, tunachukua kitambaa cheupe na kusugua paja tuone kama rangi inachuja. Mwenye duka akisema "nzuri sana" tunamtazama tu na kuendelea kusugua. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angelipia marobota mia kwa kutazama picha. Basi kwa nini suruali tunaigeuza, lakini pumzi ya ndugu yetu tunaipitisha bila kuigusa?

Wala tusiseme kwamba kukosoa muziki si desturi yetu. Marini na Arinoti walipogawana miji ya Tanganyika kwa ngoma ya beni, kila upande ulikuwa na kazi ya kusema wazi upande wa pili umekosea wapi. Dar es Salaam tulikuwa na Msondo na Sikinde, na shabiki wa huku alijua kasoro za kule kuliko alivyojua majina ya wajomba zake. King Michael Enoch, aliyepiga gitaa Dar es Salaam Jazz kabla ya kupulizia Mlimani Park saksafoni, wenzake walimwita Ticha. Mtu haitwi Ticha kwa kugawa pongezi.

Kuna wanaotujibu, na hoja yao si ya kupuuza. Wanasema: huyu ni mtu aliye mbali na kwao, anashinda ghalani akifunga marobota, anarudi chumba cha watu wanne, jambo moja tu linamfurahisha, nanyi mnataka kumvunja moyo? Hoja hii tuliiheshimu kwa miezi minane. Matokeo yake mmeyasoma. Moyo wake haukuvunjwa na mtu aliyemwambia kwa upole, chumbani, kwamba noti yake inayumba. Ulivunjwa na ukumbi mzima.

Tena tuelewe kwa nini mpulizaji anahitaji masikio ya wengine. Meno yake ya juu yanakaa juu ya kipande cha mdomoni, na mtetemo unapita kwenye meno na mifupa ya fuvu hadi sikioni mwake. Kwa hiyo yeye anasikia sauti nene ambayo sisi tuliokaa mbele hatuisikii. Hadanganyi anapodhani toni yake imejaa. Mifupa yake ndiyo inayomdanganya. Mtu wa kumwambia kwamba sauti ni ya puani, pengine kwa sababu anaung'ata mno ule mwanzi, pengine kwa sababu pumzi inatoka kifuani badala ya tumboni, ni mtu wa nje. Alitutafuta sisi.

Hapa tuna ugomvi pia na wale wachache waliojitia ujuzi. Walikuwepo wawili watatu ambao walimwandikia: "Sauti iko sawa, si kubwa." Waliipima kwa kipimo gani? Simu ina tabia ya kusawazisha. Mlio mdogo huuinua, mkubwa huushusha, hata mnong'ono na ukelele vikatoka karibu sawa. Na ujumbe wa sauti wa WeChat, ambao haupiti sekunde 60, umetengenezwa kubeba maneno ya mtu, si domo la bata. Anayehukumu ukubwa wa saksafoni kwa kuisikiliza humo ni sawa na anayepima uzito wa robota kwa picha yake. Toni unaweza kuonja kidogo, hasa kama noti inashuka au inapepesuka. Ukubwa huwezi. Ukubwa unataka chumba kimoja, watu wawili, na hatua kadhaa kati yao.

Aliyelijua hilo ni mzee mmoja wa Kichina, mstaafu, mmoja wa wale wanaopuliza jioni kando ya mto Dongjiang na spika yenye magurudumu. Kijana wetu alipita na sanduku lake, wiki mbili kabla ya Desemba. Mzee akamwomba apulize. Hawakuwa na lugha ya pamoja zaidi ya "hao" na "bu hao". Mzee alisikiliza, akatikisa kichwa, akamwonyesha kwa mkono: noti moja tu, ndefu, ianze kwa kunong'ona, ikue, irudi kunong'ona. Dakika ishirini noti hiyo hiyo. Kisha akamsogeza nyuma, hatua moja, hatua tano. Tangu Juni 2022 China ina sheria mpya ya kelele, inayowataka wanaopiga muziki viwanjani na bustanini kufuata sehemu, saa na viwango vya sauti, na nadhani (samahani, tunadhani) wazee wale wamejifunza kupuliza kwa adabu kuliko sisi na maspika yetu ya harusini. Mgeni asiyejua hata jina lake alimpa dakika ishirini. Sisi tulimpa dole gumba.

Mwezi uliopita dada mmoja wa kwetu, anayeshughulika na nyaraka za mizigo, ameanza kututumia sauti za tena saksafoni. Kipande chake cha kwanza kilikuwa cha sekunde 54. Dole gumba la kwanza lilifika kabla hajamaliza sekunde ya 15, yaani aliyelituma hakuwa amesikiliza hata theluthi ya alichokisifu.

Safari hii tumeandika hivi, na majina yetu chini: "Dada, noti ya tatu inashuka kila unapoirudia, na mwisho wa pumzi sauti inakonda. Ukubwa hatuwezi kuusema kwa simu. Jumapili saa kumi tunakuja mtoni, tutakaa mbali kidogo. Lete na kile kiti chako cha kukunja."

Alikaa kimya siku nzima. Usiku akajibu: "Ya tatu au ya nne?"