Sudan Kusini: mshahara usiolipwa Juba hulipwa barabarani

Kutoka mpakani Nimule hadi Juba ni kilomita 192 za lami. Barabara hiyo ilikamilika 2012 kwa msaada wa Marekani, mwaka mmoja baada ya uhuru, na sisi madereva tulioijua ikiwa vumbi na matope tuliishangilia. Nimeipita miaka tisa nikivuta trela kutoka Mombasa: Malaba, Tororo, Gulu, Elegu, kisha ng'ambo. Lori lenye mzigo lingeweza kuondoka Nimule alfajiri na kushusha Juba kabla ya adhuhuri. Mimi sikuwahi kushusha kabla ya jua kutua, kwa sababu ya vizuizi.

Kizuizi chenyewe ni kamba iliyofungwa mti hadi mti, au gogo juu ya madebe mawili. Pembeni pana kiti cha plastiki chini ya mwarobaini. Yuko kijana mmoja sitamsahau. Bunduki begani, kandambili miguuni, na ile ya kushoto ukanda ulikuwa umekatika, ameushikiza kwa msumari uliopenyezwa chini ya soli. Alinisalimu kwa Kiswahili safi, maana alilelewa kambini Kakuma, akasoma na watoto wa Turkana.

"Mzee wangu, niachie ya chai. Mshahara hatujauona tangu Krismasi."

Ilikuwa Agosti. Nilimpa. Akararua karatasi ya daftari, akaandika kiasi, akatia sahihi, akanikabidhi kwa mikono miwili kama risiti halali. Nilipofika kwenye daraja la Nile kuingia Juba nilikuwa na karatasi kama hizo kumi na moja mfukoni.

Wenzangu huwaita wezi. Majambazi wapo kweli. Barabara hii na ile ya Yei zimeua madereva, na msiba wa dereva mwenzako hausahauliki haraka. Lakini kijana wa kandambili si jambazi. Ni mwajiriwa wa serikali aliyepewa bunduki, asipewe posho. Na wasiseme kwamba vijana wa nchi ile hawajitumi. Julai 2024 timu yao ya mpira wa kikapu, wengi wao waliokulia ukimbizini, iliifunga Puerto Rico 90 kwa 79 kwenye Olimpiki ya Paris. Timu hiyo Luol Deng, nyota wa zamani wa mchezo huo, aliibeba kwa pesa za mfukoni mwake. Waligharamiwa, wakafanya kazi.

Pesa za kuwalipa askari na walimu zinatoka wapi? Zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya serikali ya Juba ni mafuta ghafi, na mafuta hayo hayafiki baharini ila kwa mabomba yanayokatiza Sudan hadi Port Sudan. Mwaka 2012 Juba yenyewe ilifunga visima kwa ugomvi na Khartoum juu ya ada ya bomba. Februari 2024, Sudan ikiwa vitani, bomba kuu likapasuka, na watumishi wa umma waliokuwa tayari wanadai wakaendelea kudai mwezi juu ya mwezi. Lakini nisiwafiche: nilipita pale hata mafuta yakitiririka, na kamba zilikuwa zimefungwa vilevile. Bomba si kisingizio cha kutosha.

Serikali inayoishi kwa kisima haina haja ya kumbembeleza mlipa kodi, na mlipa kodi hana pa kuibana. Januari 2011 karibu asilimia 99 ya wapiga kura walitaka nchi yao. Tangu bendera ipandishwe Julai 9 mwaka ule, hawajachagua rais hata mara moja. Vita vilizuka Desemba 2013, mapatano yakatiwa saini 2018, uchaguzi ukapangwa Desemba 2024, ukasogezwa tena hadi Desemba 2026. Askari asiyelipwa atamdai nani, na kwa kura gani?

Anamdai dereva, na dereva anamdai mwenye mzigo. Mzigo wangu mara nyingi ulikuwa sukari. Tajiri alikuwa akizihesabu zile karatasi zangu moja moja na kuzigawa kwenye bei ya gunia. Gunia likifika soko la Konyo Konyo linamkuta mama mmoja anayeuza chai ya tangawizi kwenye bilauri ndogo, jiko la makaa mbele yake, viti vinne vya kusuka. Safari yangu ya mwisho alinitilia vijiko viwili badala ya vitatu, akaniomba radhi kabla sijaonja. Mwanawe wa kwanza ni askari. Analinda kizuizi upande wa Torit, naye hajalipwa.

Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki jijini Dar es Salaam, Aprili 2016. Sisi majirani tumefaidi sana. Mayai, nyanya na unga wa Uganda ndivyo vinavyolisha Juba, na benki za Kenya zina matawi kule. Ni haki basi marais wetu wakikutana wamuulize mwenzao hadharani swali moja dogo: askari na walimu wamelipwa mwezi huu? Juba itangaze kila mwezi mafuta yaliyouzwa na mishahara iliyotoka. Askari apokee yake mkononi mwake, isipitie kwa mkubwa wake. Ada zote zikusanywe Nimule, kwa risiti moja, halafu kamba zifunguliwe. Sisemi haya kama mtu wa nchi safi. Hata kwetu nimetoa kitu kidogo usiku mwingi. Ila kwetu mwenye kupokea alikuwa na mshahara wake.

Aliyekuwa taniboi wangu sasa ndiye anashika usukani. Juzi alinipigia akiwa Elegu, foleni haijasogea tangu asubuhi. Nilimuuliza anafanya nini kwenye kebini muda wote huo. Akaniambia anapanga noti ndogondogo na kuzifunga kwa mpira, fungu moja kwa kila kizuizi, na kwamba safari hii amefunga kumi na matatu.