Tutupacho Sisi Hulipwa na Mfugaji

Wahenga walisema kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Msemo huu ni wa haki, kwani atendaye kosa ndiye apaswaye kuyaonja matokeo yake. Lakini je, tumwambie nini mtu aliyedungwa na mwiba uliotupwa njiani na mwingine, naye huyo mwingine amekwenda zake bila hata kujua kwamba kuna aliyeumia? Swali hili limenikaa moyoni tangu mwaka 2022, na ndilo linalonifanya nishike kalamu leo, nikiwaandikia hasa walimu wenzangu na wanafunzi wetu.

Nafundisha katika shule moja ya sekondari isiyo mbali na Garsen, katika Kaunti ya Tana River. Mwaka huo ukame ulikuwa umetuzonga. Misimu ya mvua ilikuwa imepita mmoja baada ya mwingine bila mvua ya maana, na mizoga ya mifugo ilionekana kandokando ya barabara. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu, mtoto wa wafugaji wa Kiorma, hakurudi muhula ulipofunguliwa. Baada ya wiki mbili nilikwenda kwao kumwulizia. Nilimkuta baba yake ameketi kivulini, nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Najua kilichokuleta."

Nilimweleza kwamba sikutumwa kudai karo, bali nilitaka kujua hali ya kijana. Akanijibu kwa sauti ya upole: "Karo ya huyu mtoto ilikuwa na miguu minne, mwalimu. Juzi tumeichinja ili isife kibudu."

Ng'ombe huyo alikuwa amewekwa kwa ajili ya kuuzwa. Kwa muda wa wiki kadhaa alikataa malisho, hata yale machache waliyomkatia kwa taabu. Hakucheua. Ubavu wake wa kushoto ulifura, kinyesi kikawa haba, na mwili ukazidi kukonda. Wenyewe walidhani ni homa, wakamnunulia dawa ya homa. Walipompasua baada ya kumchinja, waliona ndani ya tumbo lake bonge kubwa kushinda kichwa cha mtoto. Kijana wangu alikuwa amelianika juu ya ua wa miiba, akaniletea nilitazame.

Ndani ya bonge hilo mlikuwa na karatasi za mikate, mifuko midogo ya kupimia sukari, na kamba ya nailoni iliyofumuliwa kutoka kwenye gunia. Mlikuwa pia na kitambaa cha buluu kilichokatwa mraba na kupindwa kingo kwa uzi mweupe, mfano wa vile ambavyo wanafunzi wetu hushona kwa ajili ya kufutia ubao. Sikuweza kuapa kwamba kilitoka shuleni kwetu. Wala sikuweza kuapa kwamba hakikutoka.

Ili tuelewe uzito wa jambo hili, yatupasa kukumbuka jinsi tumbo la mnyama mwenye kucheua lilivyoumbwa. Lina sehemu nne. Sehemu ya kwanza, iliyo kubwa kuliko zote, ni kama pipa la kuchachushia malisho. Humo mna viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo huvunjavunja nyasi. Mnyama naye huzirudisha kinywani, akazitafuna upya na kuzimeza tena. Kilichosagika barabara ndicho kipitacho kwenda mbele. Kisichosagika hubaki.

Nailoni haisagiki wala haiozi. Mfuko ulioliwa leo hungoja ule utakaoliwa kesho, nayo hujiviringa pamoja na kamba, nywele na nyuzi mpaka likawa bonge gumu. Kadiri bonge linavyokua ndivyo nafasi ya malisho inavyopungua, na mnyama huhisi ameshiba ilhali anakufa njaa. Wakati mwingine bonge huziba njia yenyewe, gesi ikakosa pa kutokea, na tumbo likafura kama ngoma. Kama kilichomezwa ni msumari au kipande cha waya, aghalabu hutua katika sehemu ya pili, ambayo i karibu na moyo, na huko huweza kutoboa.

Mtu huenda akauliza: mnyama huyu hana akili ya kutambua kwamba mfuko si nyasi? Jibu ni kwamba ng'ombe hakusanyi malisho kwa kuchagua jani moja moja. Huyazoa kwa ulimi na kuyameza upesi, akitumaini kuyatafuna baadaye kwa utulivu. Mbuzi ana midomo ya kuchagua, lakini njaa humwondolea uchaguzi. Tena mfuko haumjii mnyama ukiwa mtupu. Humjia umepakwa chumvi, unga, mafuta au uji. Na mnyama aliyekosa madini mwilini, hasa fosforasi, hutafuna hata mifupa, ngozi na matambara. Ukame huleta hayo yote kwa pamoja: njaa, upungufu wa madini, na uwanda usio na jani ila nailoni iliyonaswa katika miiba ya mathenge.

Maradhi ya namna hii hayawahusu wenye kucheua peke yao. Katika miji ya Ulaya na Marekani, madaktari wa mifugo hupokea kila mara mbwa waliomeza soksi, mpira wa kuchezea au gunzi la hindi. Kwa mbwa, kitu hicho aghalabu hukwama katika utumbo mwembamba. Mnyama hutapika, hukataa chakula, na asipotibiwa mapema, utumbo hukosa damu na kuoza. Hupigwa picha ya eksirei, hupasuliwa, kitu kikatolewa, na mara nyingi hupona. Mbwa wetu wa Garsen wazururao nyuma ya mabucha humeza pia mifuko inayonukia damu, ila hakuna awapigiaye picha.

Lakini tofauti kubwa haimo katika eksirei. Soksi aliyoimeza mbwa wa London ilikuwa ya mwenye mbwa. Aliyeiacha sakafuni ndiye alipaye daktari, na siku ya pili hujifunza kuiweka kabatini. Huku kwetu, mwenye mfuko si mwenye ng'ombe. Anayetupa hapati hasara yoyote, na apataye hasara hakutupa chochote. Ndiyo maana kosa hili hurudiwa kila siku bila aibu: halimfundishi yule ambaye angepaswa kufundishwa.

Wala tusidhani kwamba ni jambo la Tana River pekee. Mwaka 2017 iliripotiwa kwamba katika vichinjio vya Nairobi baadhi ya ng'ombe walikuwa wakitolewa mifuko kufikia 20 matumboni. Kule Dubai, wataalamu waliochunguza mizoga ya ngamia ipatayo 30,000 tangu mwaka 2008 waliona mabonge ya plastiki katika ngamia 300 hivi, na bonge zito kuliko yote lilikaribia kilo 64. Ikiwa ngamia, mnyama wa kustahimili jangwa, hushindwa, basi ng'ombe wetu atafanyaje? Ng'ombe wa Kiorma husifiwa na wataalamu kwa kuwa huvumilia ugonjwa uletwao na mbung'o kuliko ng'ombe wengi wa jamii yake. Hiyo ni kazi ya vizazi na vizazi vya wafugaji. Lakini hakuna uzao wa ng'ombe uvumiliao nailoni, na hautapatikana.

Serikali haikukaa kimya. Kwa tangazo la tarehe 28 Februari 2017, lililoanza kutekelezwa tarehe 28 Agosti mwaka huo huo, Kenya ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza nchini na kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Adhabu iliyotajwa ilikuwa faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 4. Rwanda ilikuwa imetutangulia mwaka 2008, na Tanzania ikafuata mwaka 2019. Nakiri kwamba tuliona nafuu, kwani miti iliyokuwa imechanua mifuko badala ya maua ilipata kupumua.

Hata hivyo, sheria hiyo haikuigusa plastiki ambayo kiwanda hufungia bidhaa moja kwa moja, kama vile karatasi za mikate na biskuti. Na ile mifuko myembamba iliyokatazwa, ambayo wengi wetu twaiita "karatasi" ingawa haina chembe ya karatasi, bado hupenya kwa siri na kuuzwa chini ya meza. Sheria inaweza kumtisha muuzaji, lakini haiwezi kusimama nyuma ya kila mtoto afunguaye biskuti wakati wa mapumziko. Hapo ndipo kazi ya hakimu inapokoma na ya mwalimu inapoanza.

Nimewasikia watu, tena wenye elimu, wakidai kwamba lawama ni ya mfugaji: mbona asiwachunge wanyama wake mbali na majaa? Hoja hii haina mashiko. Wakati wa kiangazi mfugaji hana budi kuileta mifugo mtoni, na njia ya kwenda mtoni hupita karibu na vijiji, masoko na shule. Garsen ni njia panda ya wasafiri wa Malindi, Lamu na Garissa, na katika kila basi mna abiria ambaye huliona dirisha kuwa pipa la taka. Mto Tana nao, ulio mrefu kuliko mito yote ya nchi yetu, hukusanya uchafu wa huko utokako. Mafuriko ya mwaka 2018, na yale ya mwishoni mwa 2023 hadi 2024, yalifunika nyanda za malisho. Maji yalipopungua yaliacha rutuba, na pamoja na rutuba yakaacha plastiki. Mchunga aifuate kila taka iletwayo na upepo na maji?

Wengine husema kwamba tiba ipo. Ni kweli ipo. Daktari wa mifugo aweza kumtia ng'ombe ganzi ubavuni mwa kushoto, akampasua angali amesimama na kulitoa bonge. Mafuta ya kupikia, ambayo wengi hukimbilia, huweza kutuliza tumbo lililojaa povu, lakini hayawezi kuyeyusha nailoni. Upasuaji nao humfaa mnyama ambaye bado ana nguvu, na humfaa mwenye kumpata daktari kwa wakati. Mzee niliyemtembelea hakuwa na lolote kati ya hayo mawili. Katiba ya mwaka 2010 imeiweka kazi ya kuzoa taka na kazi ya huduma za madaktari wa mifugo mikononi mwa serikali za kaunti. Basi kaunti iliyobana matumizi katika kuzoa taka haijaokoa kitu, kwa kuwa hasara hiyo humrudia mwananchi yule yule kwa mlango wa zizi.

Nionavyo mimi, shule zetu hazipaswi kuingoja kaunti. Kwanza, kila shule iwe na shimo la taka lenye uzio imara usiopitisha mbuzi, na plastiki itengwe na mabaki ya chakula. Kuichoma si dawa, kwani moshi wake ni sumu kwa watoto wale wale tunaotaka kuwalinda. Pili, na hili ni dogo lakini huokoa wengi, mtu asifunge kamwe maganda au ugali uliolala ndani ya mfuko na kuutupa. Mfuko uliofungwa fundo huku una chakula ndani ni mtego. Mnyama hawezi kuufungua, hivyo huumeza wote. Maganda yamwagwe wazi, mbuzi ale na aende zake.

Tatu, somo la viumbe wanaocheua lisiishie ubaoni. Mwalimu wa biolojia, kwa idhini ya mkaguzi wa nyama, awapeleke wanafunzi kichinjioni. Wahesabu ni wanyama wangapi waliochinjwa juma hilo na ni wangapi waliokuwa na plastiki tumboni. Waandike hesabu hizo muhula hadi muhula na kuzipeleka kwa maafisa wa kaunti. Kiongozi huweza kuyapuuza malalamiko, lakini huona vigumu kuzipuuza tarakimu zilizoletwa na watoto wa wapiga kura wake. Nne, tuvirudishe vikapu vya miyaa ambavyo mama zetu wamevisuka tangu zamani. Havikutuaibisha zamani, na havipaswi kutuaibisha leo.

Mwanafunzi yule alirudi muhula uliofuata, baada ya wajomba zake kuuza mbuzi watatu kwa bei ya kutupa. Alikuwa amepoteza miezi mitatu ya masomo, nasi walimu tukamtaka afidie kwa bidii, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Siku aliyorudi niliitazama sakafu ya darasa langu, kisha nikautazama uwanja uliokuwa nje ya dirisha. Karatasi za biskuti zilikuwa zimejikusanya penye ua, na nje ya ua walikuwapo mbuzi.

Ndugu msomaji, mwiba huu hatukudungwa nao sisi, na kwa hiyo ni rahisi kuupita. Lakini ni sisi tulioutupa njiani. Tuuokote.