Heshima ya Askari Haipimwi kwa Ushindi

Mwezi Mei 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alitangaza kwamba tarehe 11 Novemba, ambayo kwa zaidi ya miaka 70 imekuwa Siku ya Maveterani, yaani siku ya kuwaenzi wote waliowahi kutumikia katika majeshi ya nchi hiyo, itaitwa Siku ya Ushindi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ikulu ya nchi hiyo ilieleza baadaye kwamba jina la awali halifutwi, na kwa kuwa jina hilo liliwekwa kwa sheria, rais hawezi kulibadili peke yake. Hata hivyo, fikra iliyozaa tangazo hilo ni potofu na inastahili kupingwa waziwazi, kwa sababu inamnyang'anya heshima mtu aliyetumikia na kuyakabidhi matokeo ya vita.

Watetezi wa tangazo hilo husema kwamba Ufaransa na mataifa mengine ya Ulaya huadhimisha ushindi wao bila haya, na kwamba Wamarekani wapatao 116,000 waliokufa katika vita hiyo wanasahaulika. Ni kweli kwamba wanasahaulika, lakini kuwakumbuka hakuhitaji kutwaa siku ya wengine. Isitoshe, kilichotokea tarehe 11 Novemba 1918 ni mapatano ya kusitisha mapigano, ambayo habari zake zilichelewa hata kufika Afrika Mashariki, ambako jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilisalimu amri tarehe 25 Novemba huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Nayo sheria ya Marekani ya mwaka 1938 iliyoifanya tarehe 11 Novemba kuwa sikukuu iliiweka wakfu kwa ajili ya amani ya dunia.

Hoja ya msingi imo katika mabadiliko yaliyofanyiwa siku hiyo mwaka 1954. Katika mji mdogo wa Emporia, jimboni Kansas, fundi viatu aitwaye Alvin King, ambaye kijana aliyemlea nyumbani kwake aliuawa katika Vita Kuu ya Pili, alishikilia kwamba si haki siku hiyo kuwahusu askari wa vita moja tu. Mwaka 1953 wenzake wa Emporia waliiadhimisha kama siku ya maveterani wote, na tarehe 1 Juni 1954 Rais Dwight Eisenhower, jenerali aliyeongoza majeshi ya washirika barani Ulaya, alitia saini sheria iliyolipa wazo hilo nguvu nchi nzima. Wakati huo Vita ya Korea ilikuwa imesimama bila mshindi kwa muda usiotimia mwaka mmoja, na waliorudi kutoka huko waliingizwa katika heshima hiyo bila kuulizwa kama walishinda.

Huo ndio msingi unaobomolewa. Frank Buckles, veterani wa mwisho wa Marekani aliyetumikia katika Vita Kuu ya Kwanza, alifariki mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 110, kwa hiyo siku ya ushindi wa vita hiyo haimwenzi veterani hata mmoja aliye hai. Miongoni mwa walio hai ni wale waliopelekwa Vietnam, Iraq na Afghanistan, wakiwamo waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka kambini na kusubiri hadi mwaka 2022 ndipo sheria ikapanua matibabu na fidia zao. Askari hachagui vita; vita huchaguliwa na wanasiasa, ambao pia huamua malengo yake, muda wake na namna ya kuondoka. Kumheshimu askari kwa kipimo cha ushindi ni kumtwisha mzigo wa maamuzi ambayo hakuyafanya, na ni aibu kubwa zaidi mzigo huo unapotwishwa na kiongozi mwenye mamlaka ya kumpeleka vitani.

Taifa linalotaka kujivunia ushindi wake lina siku nyingine nyingi za kufanya hivyo. Tarehe 11 Novemba inapaswa kubaki siku ambayo serikali inawajibika mbele ya kila iliyemtuma, ikieleza imemtibu vipi na imemlipa nini, awe alirudi na ushindi au alirudi na majeraha tu.