Acheni Kutafuta Mizimu ya Wazungu Nyeri

Wasee, leo naanza kwa kujishtaki mwenyewe.

Mwaka jana nilipiga vidio kwa nyumba moja ya mawe iliyoachwa, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Mnaijua Julai yetu: ukungu mpaka mlangoni, baridi ya kupasua midomo. Nikaweka muziki wa kinanda, nikamvisha binamu yangu shuka nyeupe, nikadai humo ndani kuna roho ya bibi wa kizungu aliyekufa kwa huzuni ya mapenzi. Uongo mtupu. Na ndiyo vidio yangu iliyotazamwa zaidi.

Halafu shosho akaiona. Mimi ni kifungua mimba, nina jina la marehemu mume wake kama desturi yetu ilivyo, kwa hivyo huniita "mzee wangu". Hakucheka. Aliniuliza, "Mzee wangu, mbona ulienda kutafuta mzimu wa mzungu hapo? Hapo ndipo mimi na mama tulichimbishwa handaki."

Maze, sikujua. Tumepita hapo na matatu miaka yote na hajawahi kusema neno.

Kama nawe hujui: kuanzia 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwatoa zaidi ya watu milioni moja wa huku kwetu makwao na kuwasukuma ndani ya vijiji vya lazima. Vingi vilizungushiwa mahandaki yenye miti iliyochongwa, ili chakula kisiwafikie wapiganaji msituni. Mahandaki hayo yalichimbwa na wanakijiji wenyewe, wengi wao kina mama.

Sasa tuongee kuhusu Gothiki.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, lakini kabla sijatoka tulishafunzwa sifa za fasihi ya Gothiki. Tulinakili orodha: kasri kuukuu, dhoruba, chumba cha siri, msichana aliyefungiwa, bwana katili, mzimu. Ukitaja sita, alama sita. Hakuna aliyetuambia orodha hiyo inafanya kazi gani. Ndiyo maana leo kila kijana mwenye simu anatafuta kasri, na akilikosa anaichorea kompyuta impe.

Hebu turudi kwa kitabu kilichoanzisha mambo, The Castle of Otranto cha Horace Walpole, 1764. Kofia ya chuma kubwa ajabu inaanguka na kumponda bwana harusi siku ya harusi yake. Vituko, sawa. Lakini uliza kwa nini. Babu ya mwenye kasri alimpa sumu mmiliki halali, akachukua mali. Ondoa hiyo kofia, unabaki na kesi ya shamba! Na Dracula ya 1897 inaanza vipi? Wakili kijana anasafiri mbali kushughulikia hati za nyumba ambayo mteja wake ananunua London. Hati tena.

Kwa hivyo mimi nasema hivi: Gothiki ni hadithi ya kitu kilichochukuliwa kwa njia mbaya, na marehemu anayekataa kunyamaza mpaka isemwe. Kasri ni ushahidi. Chumba cha siri ni pale ushahidi ulipofichwa. Ukungu ni mapambo tu, na sisi tunao wa bure.

Sasa angalia mji wetu. Kaburi la Baden-Powell, aliyefariki Januari 1941, liko hapa Nyeri na wageni hupelekwa kulitazama. Dedan Kimathi, mwana wa Nyeri, alikamatwa hapa Oktoba 1956, akahukumiwa hapa hapa, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa bila alama. Mkewe, Mukami, aliomba mifupa miaka nenda miaka rudi. Alifariki Mei 2023 bila kumzika mumewe. Wewe bado unataka shuka nyeupe?

Na mashamba? Yalipimwa upya na kutolewa hati miaka hiyo hiyo ya Hatari, wengi wakiwa vizuizini au msituni. Kuna waliorudi wakakuta mipaka imehama.

Wenzetu waliliona hili zamani. Ngũgĩ aliandika Matigari kuhusu mpiganaji anayetoka msituni kuja kudai nyumba yake. Mwaka 1987 wakubwa walisikia watu wakimtaja, wakaagiza akamatwe. Mhusika wa kitabu! Walipogundua, wakakamata kitabu. Naye Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka, alimtoa babu kaburini aje amsumbue mjukuu anayekula na wakubwa. Hizo ni Gothiki, na hakuna hata popo.

Najua mtasema Gothiki ni neno la kigeni, tuachane nalo. Sawa, liite unavyotaka, bora kazi ifanyike. Wengine mtasema niwaache wazee wapumzike, nisifanye uchungu wao kontenti. Hiyo inaniuma, kwa sababu ni kweli inaweza kufanyika vibaya. Lakini mimi nilishafanya kontenti juu ya handaki la shosho bila kujua. Kutojua hakukumheshimu. Kulimfuta tu, na mahali pake nikamweka mzungu wa kubuni.

Sikatai vampaya. Tazama, furahia. Ila ukisimama mbele ya nyumba iliyoachwa Othaya, Karatina au Nanyuki, uliza kwanza ni nani alitolewa hapo na hati iko kwa nani. Hofu utaipata, usijali.

Ile vidio nimeifuta, pamoja na vihela ilivyokuwa ikiniletea. Shosho bado hajakubali kurekodiwa, na sitamlazimisha. Jumapili iliyopita alinionyesha kwa fimbo handaki lilipokata kona, basi. Nilisikiliza.

Nenda ukamuulize shosho wako. Simu iache mfukoni.